Ukiwa huna dini, chama cha wahumanisti kinaweza kukufanyia nini

Mtu anapoandikia chama cha wahumanisti kwa mara ya kwanza, ni nadra aulize habari za Mungu. Huuliza kama kuna pa kulala. Au ni karo: baba amegundua kijana haswali tena, ametangaza kuwa muhula ujao halipi. Au mama ameanza kuleta watu wa maombi usiku, binti anafungiwa chumbani mpaka "kitoke". Midahalo ya mitandaoni inaonekana na wengi, ila kinachomfaa mtu aliyetengwa na kwao ni nauli, kitambulisho, wakili na mtu wa kupokea simu saa nane usiku. Makala haya ni ya huyo, na ya wanaotaka kumsaidia bila kumharibia.

Tuanze na majina, maana majina ndiyo huumiza kwanza. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja asiye na dini, na karibu yote yametungwa na wenye dini: kafiri, mpagani, mkana Mungu. Pwani kuna kuritadi, na aliyeritadi ni murtadi. Neno hilo likishatamkwa sebuleni halielezi tena, linahukumu. Mhumanisti ni mtu anayeona kwamba wema na ubaya vinaweza kupimwa kwa utu, kwa akili na kwa madhara yanayompata binadamu mwenzake, bila kusubiri amri kutoka juu. Msingi huo uliandikwa katika Azimio la Amsterdam la 1952, mwaka ulipoundwa muungano wa kimataifa ambao leo unaitwa Humanists International, ukaandikwa upya 2002 na tena 2022. Wengi wanaoomba msaada hawajiiti wahumanisti wala hawajawahi kulisikia neno hilo. Wanasema tu, "mimi sina dini." Inatosha. Chama kinachomtaka mtu afaulu mtihani wa kutoamini ndipo asaidiwe kimepotea njia.

Wako wangapi? Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kama asilimia 1.6 ya watu wote. Tanzania haijauliza swali la dini kwenye sensa tangu 1967, kwa hiyo huko hakuna hesabu ya kuaminika ya kutaja mbele ya waziri. Na hata hiyo ya Kenya ina upungufu unaoeleweka: karani wa sensa huongea na mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya huwaandikisha wote dini yake. Kijana wa miaka 22 aliyeacha kwenda kanisani miaka minne iliyopita anahesabiwa Mkatoliki akiwa amekaa chumba cha pili. Ndiyo sababu wahumanisti wa Uingereza waliendesha kampeni kabla ya sensa za 2011 na 2021, wakiwaomba watu wajibu kwa ukweli wa maisha yao badala ya dini ya ubatizo. Mwaka 2021, watu 37.2 kwa kila 100 wa Uingereza na Wales walijibu kwamba hawana dini.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyoambiwa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda dhamiri, dini, imani na maoni, kisha kinaongeza mambo mawili ambayo yafaa uyajue kwa moyo: mtu hawezi kunyimwa kazi, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na hawezi kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inataja uhuru wa kubadilisha dini au imani. Juu ya hayo, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993, katika Maoni ya Jumla namba 22, kwamba uhuru huu unamlinda anayeamini Mungu, asiyeamini, na asiyetaka kufuata dini yoyote. Barua ya chama kwenda kwa mwajiri au kwa mwalimu mkuu isimame juu ya vifungu hivi, kwa namba zake. Barua inayoanza kubishana kuhusu uumbaji hutupwa.

Ila kuna upande wa pili. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 138, inamtia hatiani anayetamka au kuandika maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, na adhabu yake yafika kifungo cha mwaka mmoja. Tanzania ina kifungu kinachofanana nacho, cha 129. Neno la kushika hapo ni nia. Kusema "siamini" hakujafika huko. Kumfuata mtu kwenye ukurasa wake na kutukana kitabu chake kunaweza kufika. Chama kinachowapenda wanachama wake huwafundisha tofauti hiyo mapema, kabla hasira haijaandika kitu kisichofutika.

Kuhusu usajili, kisa cha Kenya kinafundisha mengi. Chama cha Atheists In Kenya kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu wa umma. Kilikwenda mahakamani na kimeendelea kufanya kazi. Chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya unahitaji watu kumi au zaidi, katiba ya chama na viongozi wanaojulikana. Msajili akikataa, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo hupotea kirahisi kwa kusubiri majibu ya simu, kwa hiyo omba kukataliwa huko kwa maandishi siku ileile unapoambiwa. Kosa linalojirudia ni la viongozi. Kikundi kina shauku, kinakusanya nakala za vitambulisho vya marafiki, mwenyekiti anakuwa kijana ambaye wazazi wake hawajui lolote. Majina ya viongozi si siri. Mweka hazina awe mtu ambaye nyumbani kwao habari hizi zilishazungumzwa zikaisha, na anayeishi kwa pesa zake mwenyewe.

Sasa tuje kwa mtu aliyeandika ule ujumbe.

Mpokeaji mwenye uzoefu haanzi na pole ndefu. Anauliza uko wapi sasa hivi, nani mwingine anashika simu hii, kuna aliyekutishia leo, kitambulisho chako kiko kwa nani, na chakula unachokula kinatoka kwa nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama hii ni kesi ya usiku huu au ya miezi sita ijayo. Nyingi ni za miezi sita. Ushauri unaotoka mara nyingi ni ule usiopendwa: usitangaze bado. Kama umebakiza mwaka mmoja wa chuo na anayelipa ni baba, maliza chuo. Huna deni la ushujaa kwa mtu yeyote. Kunyimwa radhi za wazazi ni jambo zito kwa mtu wa kwetu hata akiwa haamini kwamba radhi hizo zinaandikwa mahali, na chama kisijifanye hakioni uzito huo.

Muda huo wa kungoja una kazi zake. Kwanza laini ya simu. Vijana wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, nao hawajui hatari yake: mwenye usajili anaweza kwenda dukani kwa kampuni ya simu, akasema laini imepotea, akapewa mpya, na tangu dakika hiyo namba za siri zote za barua pepe na za pesa zinaingia kwake. Sajili laini kwa jina lako, kisha uhamishe akaunti zako moja baada ya nyingine. Kwenye WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta usiyoijua. Halafu karatasi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule, kadi ya kliniki kama una ugonjwa wa kudumu. Zipige picha zote, upande wa mbele na wa nyuma, uziweke kwenye barua pepe mpya. Karatasi halisi zitoke nyumbani polepole, moja leo, nyingine wiki ijayo, kwa sababu kabati likiwa tupu siku moja kila mtu ataelewa.

Ikifika hatua ya kipigo au vitisho, nenda polisi na uombe namba: Kenya ni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na ukiwa umeumizwa ni fomu ya P3. Tanzania utapewa namba ya RB, na fomu ya PF3 ya kupeleka hospitali. Kinachoharibika kaunta ni hiki: mlalamikaji anaanza kueleza kwamba ameacha dini, na askari aliyekuwa akiandika anaweka kalamu chini na kuanza kumhubiria. Sema kosa. Nilipigwa na fulani, mahali fulani, tarehe fulani, kwa kitu fulani. Sababu ya kupigwa itaandikwa kwenye maelezo marefu, mbele ya wakili ikiwezekana. Mtu wa chama akikusindikiza, kazi yake ni kukaa kimya karibu nawe na kunakili namba.

Pesa ni eneo linalovunja vyama vingi. Vyama vya nchi kadhaa za kaskazini vina uwezo mkubwa. Norway serikali hutoa ruzuku kwa jumuiya za dini na za mtazamo wa maisha kulingana na idadi ya wanachama, ndiyo maana chama cha wahumanisti cha huko, kilichoanzishwa 1956, kina ofisi na wafanyakazi wa kudumu. Afrika Mashariki mfuko ni michango. Basi ulindwe: watu wawili waidhinishe kila malipo, kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nauli kwa kampuni ya basi, risiti zihifadhiwe bila jina kamili la aliyesaidiwa. Kikomo kitajwe siku ya kwanza, kwa mfano kodi ya mwezi mmoja na chakula cha wiki sita. Msaada usio na mwisho uliotajwa huzaa ugomvi, na ugomvi huo huwa unatoa siri za watu hadharani.

Na kusikiliza. Uingereza kuna mpango uitwao Faith to Faithless, ulioanza 2015 na kuingia chini ya Humanists UK, chama cha wahumanisti cha huko, mwaka 2017. Unawaunganisha walioacha dini zenye kufunga sana na wenzao waliopitia hayohayo, na pia unawafundisha polisi na watumishi wa ustawi wa jamii namna ya kumtambua mtu wa aina hiyo. Jambo ambalo kazi ya namna hii inalionyesha ni kwamba aliyeondoka msikitini au kwenye kanisa la kilokole hakupoteza mafundisho peke yake. Amepoteza watu wa kumjia akiugua, wa kumchangia harusi, wa kumzika. Kundi la kukutana mara moja kwa mwezi, hata la watu saba, kwa chai bila mada, linafanya kazi kuliko mhadhara.

Kesi kubwa zinahitaji mkono wa kimataifa, na hapa hakuna mfano unaoeleza vizuri kuliko wa Mubarak Bala wa Nigeria. Mwaka 2014 familia yake ilimlaza kwa nguvu kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kano kwa kuwa alisema haamini. Wahumanisti wa Nigeria na wa nje wakapiga kelele, akatoka. Tarehe 28 Aprili 2020, akiwa rais wa chama cha wahumanisti cha nchi hiyo, alikamatwa Kaduna kwa sababu ya maandishi ya Facebook, akahamishiwa Kano, akakaa miezi mitano bila kuonana na wakili. Desemba 2020 mahakama ya Abuja iliamuru aachiwe, amri haikutekelezwa. Aprili 2022 alikiri mashtaka 18 akahukumiwa miaka 24. Mei 2024 Mahakama ya Rufani ikaishusha hadi mitano, na mwanzoni mwa 2025 dunia ilipata habari kwamba yuko huru.

Tazama muda huo: zaidi ya miaka minne. Kelele za wiki ya kwanza zisingemtoa. Kilichohitajika ni wakili wa hapohapo anayelipwa kila mwezi, barua kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, mtu wa kufuatilia kila tarehe ya mahakama, na matunzo kwa familia. Humanists International ina hadhi ya ushauri katika Umoja wa Mataifa, kwa hiyo inaweza kusimama Geneva na kulitaja jina la mfungwa mbele ya wawakilishi wa serikali yake. Kila mwaka tangu 2012 inatoa pia Ripoti ya Uhuru wa Fikra, nchi kwa nchi, na mawakili huiambatisha kwenye majalada ya wakimbizi. Lakini jina lisitajwe popote bila ruhusa ya mwenyewe au ya familia anayoiamini. Kuna wafungwa ambao ukimya wa miezi miwili huwapatia dhamana, na bango moja la mtandaoni huwafungia mlango.

Kuhusu ukimbizi, naomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu wanatapeliwa. Chama cha wahumanisti hakitoi viza. Hakuna chama kinachoweza kukuahidi nchi. Kwa utaratibu wa kawaida ombi la hifadhi hufanywa ukiwa umeshatoka nchini mwako, na anayekuomba pesa ili "akuingize kwenye orodha" ni mwizi. Unachoweza kupata ni ushauri, mawasiliano ya wakili, na barua. Barua nzuri ni fupi: tumemfahamu tangu mwezi fulani, amehudhuria mikutano hii, tumeona vitisho hivi kwa macho yetu. Chama kinachomwandikia mtu kilichokutana naye Jumanne iliyopita kinaharibu barua za wote watakaofuata.

Wewe kwa upande wako, tengeneza kumbukumbu kwa tarehe, kuanzia siku ya kwanza ulipotishiwa. Picha za ujumbe zionyeshe namba ya mtumaji, tarehe na saa. Usiongeze chumvi. Ofisa atakuuliza jambo lilelile mara tatu, na tofauti ndogo ya tarehe inaweza kukuangusha hata kama yote ni kweli. Mwaka 2018 iligundulika kwamba mwombaji mmoja kutoka Pakistan alikataliwa Uingereza kwa sababu, miongoni mwa mengine, alipoulizwa kuhusu wanafalsafa wa Kigiriki hakuwataja Plato na Aristotle. Humanists UK walilipinga hilo kwa nguvu zote, baadaye wakashiriki kuwafundisha maofisa wa uhamiaji kwamba kutoamini ni maisha ya mtu, hayapimwi kwa vitabu alivyosoma.

Neno moja kwa wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, maana ni wengi kutoka kwetu. Saudi Arabia iliweka kanuni mwaka 2014 zinazohesabu kueneza fikra za kutoamini Mungu kuwa ugaidi. Kabla ya kupanda ndege, futa maandishi ya zamani, toka kwenye magrupu, na usiingie mjadala wa dini na mtu yeyote nyumbani kwa mwajiri, hata akikuchokoza kwa upole.

Kuna pia kazi za kila siku zisizo na hatari, ambazo mtu hujikuta hajui aanzie wapi. Kiapo: Jedwali la Tatu la Katiba ya Kenya linaruhusu kuapa au kuthibitisha, na maneno ya kumwomba Mungu msaada ni ya anayeapa tu. Mahakamani, mwambie karani kabla hujaitwa kizimbani kwamba utathibitisha. Ukingoja mpaka umeshikishwa kitabu, chumba kizima kitakugeukia. Ndoa: Kenya nenda kwa msajili wa ndoa, Tanzania ni ndoa ya bomani. Kote kuna tangazo la siku 21, na hakuna anayepaswa kukudai barua ya mchungaji.

Shuleni kazi ni ndefu. Uganda wameamua kujenga shule zao, kama ile ya Isaac Newton huko Masaka na shule ya msingi ya wahumanisti ya Kasese iliyoanza 2011, ambazo zinapokea watoto wa dini zote na kuwafundisha bila kulazimisha ibada.

Mirathi kwa aliyezaliwa Mwislamu ni ngumu zaidi. Mahakama ya Kadhi ya Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, ina mamlaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa huko. Kwa hiyo usiyejiona Mwislamu unaweza kusema hivyo. Lakini fahamu gharama yake: mali ya baba aliyekufa Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na murtadi harithi. Kwa mali yako mwenyewe, andika wosia, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopewa chochote humo, na uandike waziwazi kwamba hufuati dini.

Wosia huo hautoshi kwa mwili wako. Tangu kesi ya mazishi ya S.M. Otieno mwaka 1987, mahakama za Kenya hushika kwamba maiti si mali, na matakwa ya marehemu yanaheshimiwa kadiri iwezekanavyo bila kuwafunga waliobaki. Waliobaki ndio wa kuzungumza nao ungali hai. Mwite ndugu mmoja mwenye sauti katika ukoo, mwambie unataka nini, muwe na mwenzi wako, na mtie sahihi karatasi wote watatu. Ukitaka kuchomwa, litaje jambo hilo kwa jina. Nairobi linafanyika, Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011, na mfano wa mtu anayependwa husaidia wazee kusikiliza. Ibada ya kihumanisti ya kuaga huchukua kama nusu saa: anayeongoza huonana na familia mapema, huandika maisha ya marehemu kwa ukweli, wawili au watatu huongea, wimbo alioupenda huchezwa. Kisha huachwa dakika mbili za kimya. Mama anayetaka kumwombea mwanawe atamwombea humo, na hakuna atakayemzuia.